SHAURI LA WALIMU: Mwalimu Atakapo Kuhama Shule

Mpunga umekwisha kuingia ghalani, joto li palepale, na watoto wamerudi shuleni kwa muhula wa pili.

Mwezi huu nimepata barua ya mwalimu mmoja kijana. Jina lake sitalitaja, wala jina la shule yake, maana habari ya mtu ni amana. Yeye hufundisha Hisabati na Fizikia katika shule ya sekondari isiyo ya serikali, na amekaa hapo miaka minne. Sasa shule nyingine, iliyo huko juu Sumbawanga mjini, imemwita. Mshahara wake ni mkubwa kuliko huu wa sasa, na nyumba atapewa. Lakini wanamtaka aanze kazi tarehe 1 Septemba. Hapo alipo, watoto wa Kidato cha Nne watafanya mtihani wa taifa mwezi wa Novemba, na mwalimu mwingine wa Hisabati hapana. Tena mshahara wake wa miezi miwili hajaupata. Mke wake amwambia, Twende. Rafiki yake amwambia, Usiandike barua yo yote, funga mizigo usiku, panda gari alfajiri. Naye aniuliza: Nifanyeje?

Nimeisoma barua hii mara nyingi, kwa sababu neno lile la kupanda gari alfajiri limenichoma moyo. Sababu yake nitaieleza mbele. Kwanza na tulitazame jambo lenyewe.

Wako watu wadhanio ya kuwa mwalimu akihama shule ametenda kosa, kana kwamba ameiacha nyumba ya baba yake. Wengine wadhani kwamba kazi ni kama soko, leo hapa kesho pale, wala hapana haja ya kuaga. Mimi naona wote wawili wamekosea. Na tuwatazame watu wawili ambao habari zao zajulikana sana.

Wa kwanza ni Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, upande wa Afrika ya Magharibi karibu na mto Niger. Alipokuwa mtoto aliibwa, akauzwa utumwani, akapitishwa jangwani, hata mapadre wakamkomboa. Akapelekwa kisiwa cha Malta kujifunza uganga. Mwaka 1889 akafika Karema, penye ufuko wa ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo pamo katika Mkoa wa Katavi. Akakaa hapo akitibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipokufa mwaka 1956. Hesabu miaka hiyo: ni 67. Wazee wa Ufipa walimjua tangu ujana wake hata mvi zake. Huyu alikaa.

Wa pili ni Julius Nyerere. Alipotoka Makerere alifundisha shule ya St. Mary's, Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Uskochi kusoma. Aliporudi akawa mwalimu wa shule ya St. Francis, Pugu, tangu mwaka 1953. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikaundwa, naye akawa rais wake. Mwezi wa Machi 1955 alikwenda New York kusema habari za nchi yetu mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimpasa achague: ama ualimu, ama siasa. Naye akaandika barua ya kuacha kazi mwezi ule ule wa Machi. Hakuwa na mshahara mwingine wa kumngoja. Akarudi kwao Butiama pamoja na mke na watoto, na kwa muda akapata kazi kwa mapadre wa Maryknoll huko Musoma, akiwafundisha Kizanaki na kutafsiri. Huyu aliondoka.

Basi, ni yupi aliyefanya vema? Wote wawili. Yule wa Karema watu hawakumwona kuwa mvivu wa kusafiri, wala yule wa Pugu hawakumwita mtoro. Kinyume chake, aliyeuacha ualimu ndiye aliyeitwa Mwalimu mpaka kufa kwake mwaka 1999, na hata leo akitajwa hivyo kila mtu ajua ni nani. Nadhani sababu ni hii: hakuwa nusu huku na nusu kule. Alipoona kwamba hawezi kuzitenda kazi mbili kwa haki, aliichagua moja, akaiandikia ile nyingine barua, akaondoka mchana. Kwa hiyo kukaa si wema peke yake, wala kuondoka si ubaya peke yake. Twapaswa kuuliza maswali matatu: Waondoka kwa sababu gani? Waondoka wakati gani? Waondoka kwa njia gani?

NENO LA KWANZA: SABABU

Sababu njema ziko nyingi. Mke ni mgonjwa na hospitali i mbali. Mume yuko Mpanda na mkewe yuko Milepa, na watoto wamegawanyika kama mbuzi wa urithi. Mwalimu ataka kuendelea na masomo. Mshahara hautoshi kulisha nyumba, au haulipwi. Kutaka mshahara ulio bora si dhambi. Mwalimu naye hula, na watoto wake nao huvaa viatu. Sipendi kusikia watu walioshiba wakimhubiria mwalimu mwenye njaa habari za wito.

Lakini ziko sababu zisizofaa. Ukigombana na mkuu wa shule jana, usiandike barua leo. Lala siku tatu, kisha jiulize tena. Kama hasira imekwisha na shauri bado lipo, hapo ndipo lina mizizi. Wala usiondoke kwa kusikia uvumi kwamba mahali fulani walimu hulipwa vizuri. Wahenga walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Nenda ukaione shule hiyo. Ongea na walimu wake, hasa wale wasioketi ofisini. Waulize mshahara wa mwezi uliopita ulitoka tarehe gani. Nyumba uliyoahidiwa, ingia ndani yake uitazame paa. Tena usiiache kazi ya kwanza mpaka barua ya kazi ya pili i mkononi mwako, imetiwa sahihi, yenye kutaja mshahara na siku ya kuanza. Ahadi ya mdomo haipandishi mlima wa Lyamba lya Mfipa.

NENO LA PILI: WAKATI

Mkulima hang'oi mpunga unapochanua. Mwaka wa shule katika nchi yetu huanza Januari na kwisha Desemba, na katikati yake, Juni, kuna likizo. Darasa la Saba hufanya mtihani Septemba. Kidato cha Nne hufanya Novemba. Kidato cha Sita hufanya Mei. Mwalimu mwenye darasa la mtihani na aitazame kalenda hii kabla ya kuitazama barua aliyoitwa. Wakati mwema wa kuhama ni mwisho wa mwaka, ili watoto wamalize na mwalimu mpya aanze nao Januari. Ukikosa huo, shika mwisho wa muhula wa Juni. Kuondoka katikati ya muhula ni kwa shida kubwa tu, kama ugonjwa au hatari.

Tena wape wenzako muda wa kumtafuta mwingine. Mjini mwalimu wa Hisabati hupatikana kwa taabu. Huku bondeni ni taabu mara mbili. Kama wakusudia kuondoka Desemba, mwambie mkuu wako Oktoba.

NENO LA TATU: NJIA

Hapa na tuisikilize sheria, maana walimu wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba mtu anayelipwa kwa mwezi, akiisha kupita mwezi wake wa kwanza kazini, taarifa ya kuacha kazi isipungue siku 28. Katika mwezi ule wa kwanza ni siku 7. Taarifa hiyo iwe kwa maandishi, itaje sababu, na tarehe iliyotolewa. Haiwezi kutolewa wakati mtu yu likizoni, wala siku za likizo hazihesabiwi pamoja na siku za taarifa. Basi yule anayekwenda likizo kisha akatuma ujumbe wa simu kwamba harudi, hajatoa taarifa. Mkataba waweza kutaka siku zaidi ya 28, lakini sharti ziwe sawasawa kwa mwajiri na kwa mwajiriwa. Na mfanyakazi akikataa kufanya kazi siku za taarifa, mwajiri aweza kukata malipo ya siku hizo katika fedha anazomdai.

Wenye mikataba ya muda maalumu, yaani miaka miwili au mitatu, wausome mkataba kwanza. Mkataba wa namna hiyo haukatwi katikati kwa mapenzi ya mtu mmoja. Hapana budi kukubaliana na mwajiri, isipokuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeuvunja.

Njia ya kuondoka vema ni hii. Kwanza, mwendee mkuu wa shule, mwambie kwa kinywa chako kabla hajasikia sokoni. Pili, mpe barua. Iwe fupi: siku ya leo, siku ya mwisho wa kazi, sababu kwa maneno machache, na shukrani. Usiweke humo orodha ya makosa ya watu. Barua ya hasira hukaa katika jalada miaka mingi baada ya hasira kwisha. Chukua nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Tatu, andika habari za kila darasa: mmefika wapi katika mtaala, nani amebaki nyuma, alama za majaribio zi wapi. Nne, rudisha vitabu, funguo na kila kitu cha shule, kihesabiwe mbele ya mtu. Tano, lipa madeni ya duka la kijiji. Sita, waage watoto darasani, wala usiwaahidi usiyoyaweza. Saba, omba hati ya utumishi, maana sheria yampasa mwajiri kuitoa, pamoja na mshahara wa siku ulizofanya kazi na malipo ya likizo usiyoichukua. Angalia tena kama michango yako ya NSSF imepelekwa yote.

Walimu wa serikali wana njia nyingine. Mwalimu wa serikali atakaye shule nyingine haachi kazi. Huomba uhamisho, na ombi lake hupita kwa mkuu wake na kwa Halmashauri, na siku hizi huingizwa katika mfumo wa watumishi kwa njia ya intaneti. Wengine hupata mwenzao wa kubadilishana naye kituo. Njia hii ni ndefu, na wengi huchoka wakiingoja. Lakini asiondoke kabla ya kibali. Utoro wa zaidi ya siku tano ni kosa liwezalo kumtoa mtu kazini kabisa, na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2015, ndiyo huhukumu mashauri kama hayo.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sasa nieleze kwa nini gari la alfajiri lilinichoma moyo. Mimi nililipanda.

Ilikuwa mwaka 2006. Nalikuwa kijana, nikifundisha Darasa la Saba katika shule moja, si ya hapa. Nikaitwa mahali pengine penye fedha zaidi. Nikaona haya kumwambia mkuu wa shule, maana alikuwa amenitendea vema, nami nilijua ataniomba nikae. Basi likizo ya Juni ilipofika nikafunga sanduku langu, nikaondoka kabla ya jogoo wa pili. Sikuandika neno. Shule zilipofunguliwa, watoto wale wakaa majuma saba pasipo mwalimu wa Hisabati, na mtihani wao ulikuwa Septemba.

Kazi ile ya pili haikudumu mwaka. Nikatafuta ya tatu, na huko wakataka barua ya kule nilikoanza. Nikarudi kwa mkuu yule nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunitukana. Akanipa kiti, akanipa maji, akaniandikia barua ya kweli: alikuja siku fulani, alifundisha vizuri, aliondoka bila kuaga. Akaniuliza, Je, nimeandika uongo mahali? Nikasema, La. Ile kazi sikuipata.

Lakini hilo si lililoniuma zaidi. Baada ya miaka nilikutana mnadani na kijana mmoja akiuza samaki wa Rukwa. Akaniita, Shikamoo mwalimu. Sikumtambua. Akasema, Ni mimi niliyekaa dirishani. Tukaongea habari za nyumbani. Nilipotaka kwenda akasema kwa upole, Mwalimu, siku ya kwanza tulikungoja mpaka saa sita, tukasema labda gari limeharibika njiani. Akanifungia samaki, akakataa fedha yangu. Sijui kama angeshinda mtihani ule mimi ningekuwapo. Huenda asingeshinda. Lakini angejua kwamba hakushinda akiwa na mwalimu.

KWA WAKUU WA SHULE NA WAZAZI

Lakini lawama isimwangukie mwalimu peke yake. Mkuu asiyelipa mishahara miezi mitatu asishangae akiamka akikuta nyumba ya mwalimu ni tupu. Asiyepokea barua kwa amani huwafundisha walimu wake kutoroka. Kuzuia hati ya utumishi ya mtu aliyeaga kwa haki ni dhuluma. Mwalimu akisema anakwenda, mshukuru, mtengenezee hesabu yake, kisha mwombe akusaidie kumpata mwingine. Mara nyingi atakusaidia.

Na sisi wazazi, twamkumbuka mwalimu siku ya matokeo mabaya tu. Aondokapo, na apate hata kuku mmoja na wimbo wa watoto. Tena kabla hajaondoka tumwulize, Kuna nini kilichokushinda hapa? Pengine ni nyumba inayovuja, na sisi tuna mikono na majani.

JIBU LANGU KWA KIJANA

Mdogo wangu, hili ndilo shauri langu. Juma hili hili waandikie wale wa Sumbawanga. Waambie wazi: nina Kidato cha Nne, niruhusuni nije Januari. Usione haya. Shule yenye busara itafurahi kumpata mtu asiyeacha darasa lake, maana kesho darasa hilo litakuwa lao. Wakikataa kabisa, hapo wajue kwamba wanakuomba uwafanyie wenzao jambo ambalo wao wenyewe hawatapenda kufanyiwa.

Kisha mwandikie mkuu wako habari ya mshahara wa miezi miwili, kwa adabu, ukitaja kiasi na siku ambayo wataka jibu. Akikulipa, kaa mpaka mtihani wa Novemba wiishe, ukiwa umempa taarifa yako mapema. Asipokulipa, huna lazima ya kukaa na njaa. Toa taarifa yako ya siku 28, zitumie siku hizo zote kwa watoto wako wa mtihani, uwaachie maswali na majibu yake, kisha nenda bila haya. Deni lako ulipeleke kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usichelewe: madai ya malipo hupelekwa katika siku 60 tangu ugomvi ulipoanza, na shauri la kuachishwa kazi katika siku 30. Sheria yamtambua hata mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike. Huyo huhesabiwa kama aliyeachishwa.

Mkeo mwambie kwamba hakukosa kusema Twende. Mwombe miezi hii michache tu, na mpange pamoja chakula cha nyumbani mpaka Januari. Kama haiwezekani, kama mtoto ni mgonjwa au akiba imekwisha, basi fuata njia ya siku 28, wala asikulaumu mtu.

Ila gari la alfajiri usilipande. Nauli yake utailipa miaka mingi. Ondoka mchana, watoto wakiona, mizigo yako ikibebwa na wanafunzi wako mwenyewe mpaka kituoni.

Walimu wengine walio na mashauri kama haya na waniandikie. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea habari za daftari za alama na namna ya kuzitunza.

Wasalaamu,
Katekista wenu wa Milepa